Mkono wa mto kati ya wilaya mbili: tulivyotafuta ufadhili wa maji ili majirani zetu wasihame

Wakuu, nawasalimu wote, waliomo ndani na wanaopita tu kusoma.

Juzi mwenzetu mmoja alifungua uzi hapa akiuliza atapata wapi ufadhili wa mradi wa maji uliokaa mpakani, nusu eneo hili, nusu eneo lile. Akajibiwa kwa orodha ndefu ya mashirika, na wengine wakamwambia hatapata kitu, asijisumbue.

Mimi sina shirika la kumtajia. Ninalo lililotupata sisi kule Garsen, pwani ya Kenya, baada ya mafuriko ya El Nino, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilipokuwepo nitasema niliona. Nilipohadithiwa nitasema nilihadithiwa. Nilichosahau mtaniwia radhi.

Ni kirefu kidogo. Aliye na chai aiweke karibu.

Mimi ni Mpokomo wa Wema, ng'ambo ya mto ukitoka Garsen. Wakati huo nilikuwa kijana, nimeoa juzi tu, nalima mpunga, mahindi na ndizi kama watu wote wa pale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo kikundi chetu cha wakulima kilinipa ukatibu. Sifa yangu kubwa ilikuwa mwandiko unaosomeka.

Mashariki yetu, kuelekea Witu, walikaa Waorma na ng'ombe wao. Katikati ya sisi na wao, mahali fulani kwenye nyika, ulipita mpaka wa wilaya ya Tana River na wilaya ya Lamu.

Nasema mahali fulani kwa sababu sijawahi kuuona. Hakuna jiwe wala waya. Ulikuwa kwenye ramani za ofisini tu. Ng'ombe walipita, watu walipita, mvua ikinyesha ilinyesha pande zote.

Sasa El Nino.

Wengine hapa mlikuwa hamjazaliwa. Mvua ilianza kama mvua nyingine, kisha ikakataa kukoma. Mto ukapanda, ukaingia mashambani, ukaingia jikoni. Mke wangu Rebeka alikuwa na mimba yetu ya kwanza, tumbo limeshuka, kila siku tunasema leo au kesho.

Watu wengi walivuka kwenda Garsen kambini. Sisi tulichelewa kidogo na mkondo ukawa mkali mno. Nikaona kumvusha mama mwenye mimba pale ni kumuua. Nikageuza mtumbwi, nikaupiga pondo kwenda upande wa pili, juu ya yale yaliyokuwa mashamba yetu, mpaka nikafika kwenye mwinuko ambako Waorma walikuwa wamekusanya mifugo yao.

Pale ndipo nilipokutana vizuri na Guyo.

Kabla ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu. Yeye ni mtu mrefu, mkimya, amenizidi umri kidogo. Aliingia majini mpaka kiunoni, akashika mtumbwi, akamtazama Rebeka, kisha akamwita mkewe kwa Kiorma. Mkewe aliitwa Hawo. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mvulana wa miezi michache, Abdi.

Hawo alimshika Rebeka mkono, akampeleka ndani ya nyumba yake ya mikeka na nyasi. Hatukutoka mle kwa muda mrefu.

Binti yetu Salome alizaliwa humo ndani. Hawo na mama yake Guyo ndio waliomzalisha.

Shida ilianza baada ya hapo. Rebeka alipatwa na malaria kali. Hakuna dawa, hakuna njia, maji kila upande. Akawa anaweweseka, hanijui. Maziwa hayakutoka. Mtoto analia mpaka sauti inakatika.

Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye tope, sijui la kufanya. Nikasikia kilio kimenyamaza ghafla.

Wakuu, mtoto mchanga akinyamaza ghafla, unafikiri jambo moja tu. Nikaingia mbio. Nikamkuta Hawo ameketi, Abdi titi hili, Salome titi lile, anaimba kidogokidogo kwa lugha yao. Hakuniuliza kama naruhusu. Alinitazama kama anayesema, ulitaka nifanye nini.

Guyo akanitoa nje. Kiswahili chake hakikuwa kingi, na nitamwandika alivyosema.

"Wewe sikia," akaniambia. "Sasa hii mtoto ni yetu pia. Abdi ni kaka yake. Wakikua, hakuna kuoana. Dini imekataa."

Nikacheka. Mtoto hata jina hana na tayari ameshakataziwa mchumba. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu maji yaingie nyumbani.

Rebeka alipona polepole. Hawo aliendelea kuwanyonyesha wote wawili hadi maji yaliposhuka na sisi tukarudi Wema kujenga upya. Hata baada ya kurudi, Hawo alikuwa akija na maziwa ya ng'ombe, anamchukua Salome, wanakaa na Rebeka mchana kutwa. Mmoja anasema Kipokomo, mwingine Kiorma, Kiswahili kinaingia pale panapokwama. Sijui walikuwa wanaelewana nini, lakini hawakumaliza maneno.

Sasa tuje kwenye maji.

Upande wa kina Guyo kulikuwa na bwawa la asili. Mto ukijaa, maji yaliingia kwa mkono mdogo wa mto. Huo mkono ulianzia kwenye mashamba yetu, ukakata nyika, ukamwaga bwawani kwao. Bwawa likijaa, ng'ombe wanakunywa kule kule na hawana haja ya kuja kwetu.

El Nino ilipoondoka iliacha ule mkono umejaa. Mchanga, tope, magogo, hata mabati ya nyumba za watu. Mto ulipojaa tena msimu uliofuata, maji yalifika mdomoni pale, yakageuka. Bwawa likakauka likapasuka.

Kisha ukaja ukame. Mwaka mmoja tunalia na maji mengi, mwaka unaofuata tunalia hakuna.

Ng'ombe wakaanza kuja mtoni. Wana njia yao ya kushukia maji, huku kwetu inaitwa malka, lakini malka ile ilipita katikati ya mashamba na ilikuwa nyembamba. Ng'ombe wenye kiu hawatembei kwa mstari.

Siku moja waliingia kwenye mahindi ya kaka yangu mkubwa, Buya. Hakikubaki kitu. Aliyekuwa akiwachunga ni Wario, mdogo wake Guyo. Buya alitoka na panga, Wario ana fimbo na mkuki. Mimi na Guyo tulifika kila mtu akitokea upande wake, tukajitia katikati. Nilimkumbatia Buya kwa nyuma, na nilisikia moyo wake unavyopiga.

Guyo akasema, "Ng'ombe haina kosa. Mahindi pia haina kosa. Maji ndio nakosekana."

Buya akamjibu, "Nitawalisha watoto wangu maneno hayo?"

Guyo akamwashiria Wario awaondoe ng'ombe. Mimi nikamrudisha Buya nyumbani.

Jioni ile Guyo alinisindikiza kidogo. Akaniambia wao watahama. Watakwenda upande wa Kipini, pengine mbele zaidi, na hawatarudi. "Tukikaa hapa vijana wataumizana," alisema. "Mimi sitaki kuja kwako na maiti, sitaki wewe uje kwangu na maiti."

Nilimwambia Rebeka. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Hawo naye amesema wanahama?"

"Guyo amesema."

Akapangusa mikono. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Unajua Hawo ndiye aliyemfundisha Salome kunyonya. Mimi nilipopata fahamu nilimkuta tayari anajua."

Akachukua ungo wake. "Nenda ukatafute hayo maji," akasema. "Wewe si ndiye katibu?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya ufadhili. Wengine huingia kwa kusomea. Mimi nilitumwa na mke.

Nilianza serikalini. Nilikwenda upande wa wilaya yetu, nikapokewa vizuri na ofisa mmoja. Akatandika ramani, akafuata ule mkono wa mto kwa kidole, akafika kwenye mstari akasimama. "Mdomo wa mfereji ni wetu," akasema. "Bwawa si letu. Siwezi kuombea fedha kitu kinachoishia kwa mwenzangu."

Guyo naye akaenda upande wa Lamu. Akaambiwa kwa upole uleule kwamba bwawa ni lao lakini mdomo si wao, na bwawa bila mdomo ni shimo.

Sitawalaumu. Kila mmoja bajeti yake iliishia kwenye mstari. Ule mpaka ambao hatujawahi kuuona, ofisini ulikuwa ukuta.

Samahani wakuu, umeme ulikatika. Naendelea.

Naona mkuu mmoja hapo chini ameuliza, kwa nini kila upande usingeomba kivyake? Swali zuri, na lilitujia. Kulikuwa na shirika la misaada lililokuwa linatupa mbegu baada ya mafuriko. Walikuwa tayari kutupa sisi wakulima pampu ya kumwagilia, haraka tu, bila mzunguko. Lakini pampu ile ingetaka mashamba yapanuliwe kandokando ya mto, na malka ingezibwa. Tungekula sisi, na jirani angefungiwa njia. Buya aliitaka sana. Tuliikataa, ingawa mimi naelewa kwa nini aliitaka.

Halafu akatokea mtu wa tatu. Mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mwenye uwezo, alikuwa ananunua mafahali sehemu zote zile. Akasema atalipia kila kitu. Atafukua mfereji kwa trekta, atajenga lango la maji, atachimba bwawa liwe kubwa kuliko lilivyokuwa.

Tukakutana darasani, shule ya Wema, watu wa pande zote mbili. Watu walifurahi. Mzee mmoja alishaanza kumwombea dua.

Rebeka alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma, Salome amelala mapajani. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Naomba kuuliza. Bwawa likijaa litakuwa la nani?"

"La watu wote, mama," yule tajiri akasema. "Mimi nitaweka ua tu na mlinzi, ili maji yasiharibiwe."

"Mama Abdi akija na mtungi wake, mlinzi atamfungulia?"

"Atamfungulia. Atalipa kidogo kama wengine."

"Na kama hana?"

Yule tajiri hakukasirika, nampa haki yake. Akasema mwenye kuweka mali yake lazima airudishe. Ni kweli pia.

Rebeka akasema, "Basi mimi sitaki." Akamfunika mtoto leso.

Darasa likaguna. Wengine waliniangalia kana kwamba nimtulize mke wangu. Ndipo mama yake Guyo, yule bibi aliyemzalisha, akasema maneno machache kwa Kiorma, na Wario akatafsiri: "Anasema yeye pia hataki."

Mkutano ulivunjika bila uamuzi, lakini wanawake walikuwa wameshaamua. Yule tajiri alikwenda zake, na kuna watu hawakunisalimia kwa muda.

Msaada ulitokea mahali ambapo sikuutazamia. Rebeka alimpeleka mtoto kliniki Garsen, akawa anamsimulia nesi haya yote. Nesi akasema ana mjomba wake Mombasa, dereva wa mfuko fulani unaofadhili maji yanayotumiwa na watu wa mipaka tofauti. Akatuandikia mtaa na jengo.

Mimi na Guyo tukaenda. Safari zenyewe wakati ule mabasi yaliongozwa na polisi kwa ajili ya majambazi, mnaokumbuka mnakumbuka. Guyo alikuwa hajawahi kupanda ngazi za ghorofa. Alizipanda akishika ukuta, uso wake umetulia kama mtu aliye msikitini.

Tulipokewa na mama mmoja Mswahili wa Mombasa, nitamwita Bi Swafiya.

"Karibuni baba zangu. Mwatoka Garsen? Poleni na njia. Haya, nipeni habari zenu."

Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza wazi kwamba mfuko wao ulianzishwa kwa ajili ya nchi na nchi, mito na maziwa yanayotumiwa na mataifa. Nikaona tumepotea njia. Sisi mpaka wetu ni wa ng'ombe na mahindi.

"Msivunjike moyo," akasema. "Kuna fungu dogo la mipaka ya ndani, na ni wachache wanaoliomba kwa kuwa hawalijui. Ila lina masharti. Kwanza niambieni, nyinyi wawili ni nani kwa nani? Mmoja Mpokomo, mmoja Muorma. Nani kawakutanisha?"

Nikawa natafuta maneno ya kiofisi. Guyo akanitangulia.

"Mke yangu amenyonyesha mtoto yake."

Bi Swafiya akaacha kuandika. "Basi nyinyi ni ndugu."

"Ndio," Guyo akasema. "Lakini maji haijui."

Yule mama alicheka, macho yakamlowa kidogo, kisha akarudi kazini. Na hapa, mkuu uliyeuliza juzi, sikiliza vizuri.

Alituambia mfadhili wa mpakani haogopi mpaka, anaogopa ugomvi. Anaogopa kujenga kitu kisha upande mmoja ukikamate. Kwa hiyo tuunde kamati moja, si mbili, nusu kwa nusu na wanawake ndani. Tufungue akaunti ambayo upande mmoja pekee hauwezi kutoa hata shilingi. Tupatane mapema, mbele ya watu, nani atafungua lango, lini, na likiharibika nani atatengeneza. Halafu tuweke mchango wetu wenyewe, hata kama ni jasho.

Nikamuuliza vipi zile ofisi mbili za wilaya. Akasema, "Mliwaomba fedha. Waombeni wanachoweza kutoa."

Tulirudi tukafanya hivyo. Upande wetu walitupa mpimaji. Upande wa Lamu walitupa ofisa wa mifugo aliyejua ng'ombe wangapi bwawa litabeba. Walitoa bila shida, kwa sababu mpimaji haishii kwenye mstari. Lile shirika la mbegu lilipoona wengine wameingia, nalo likaleta sururu, koleo na mikokoteni ya kusukuma. Mfuko ukakubali kulipia saruji, lango na fundi, kwa awamu. Kufukua mfereji mzima ni sisi, kwa mikono.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alifadhili, siwezi kukutajia mmoja.

Lakini yote haya yalichukua miezi, na ng'ombe hawangoji miezi. Kabla saruji haijafika, Guyo aliniambia wanaondoka. Ng'ombe walikuwa wanaanguka. Wario na vijana wachache wangebaki kuchimba, pamoja na mama yake Guyo ambaye miguu haikumruhusu safari, wengine wote wangeteremka kufuata majani.

Asubuhi ya kuondoka Hawo alikuja Wema na Abdi. Alikaa na Rebeka mlangoni. Safari hii hawakuzungumza sana. Alimwogesha Salome, akampaka mafuta, akamsuka vinywele ambavyo havikuwa vya kusukika bado. Alipoinuka, Salome alidhani wanakwenda wote, akanyoosha mikono abebwe.

Hawo akamwangalia, akamwangalia Rebeka, akaondoka bila kugeuka. Nilihadithiwa baadaye na Guyo kwamba alilia mpaka wakapita Witu.

Tukaanza kuchimba.

Vijana wa Kiorma hawakuzoea jembe. Viganja vyao vilipasuka siku ya kwanza. Wetu waliwacheka, kisha wakawafundisha kulishika. Mwanzoni kila upande ulichimba kipande chake na kula chungu chake. Lakini wao ng'ombe wao walikuwa wameondoka, kwa hiyo hata maziwa hawakuwa nayo. Rebeka akaona wanakunywa chai ya rangi tupu tangu asubuhi. Kesho yake akapika wali na samaki kambare, akabeba sufuria kichwani, akaiweka katikati ya vipande viwili vya mfereji, akaondoka. Ilibidi wakae pamoja kwa kuwa sufuria ilikuwa moja.

Buya hakuja. Siku zote zile hakuja, na sikumlazimisha. Mahindi yake nilikuwa nimeyaona.

Halafu asubuhi moja nikamkuta tayari yumo ndani ya mfereji, pembeni ya Wario. Hakusalimia mtu. Alichimba mpaka jua likawa kali. Wario akasimama kupumua, akainua jembe vibaya, na Buya akamwambia bila kumtazama, "Hivyo utaumia mgongo. Leta mguu mbele."

Wario akaleta mguu mbele.

Hayo ndiyo maneno waliyosema siku ile. Nilimweleza Rebeka usiku, akaniambia nirudie.

Fundi alijenga lango, mama yake Guyo na mzee mmoja wa kwetu wakakabidhiwa ufunguo wa pamoja. Tukangoja mto. Kwetu mvua inaweza isinyeshe kabisa lakini mto ukajaa, kwa sababu maji yanatoka bara. Ukajaa. Tukafungua lango.

Wakuu, sijui niseme vipi. Maji yaliingia taratibu, yamebeba majani makavu na povu la kahawia mbele yake. Hayakuwa na haraka. Watu walitembea kinyumenyume mbele yake, wakiyaangalia yanavyowafuata. Yakifika kwenye shimo yanasimama kwanza, yanajaa, kisha yanaendelea. Tulitembea nayo hivyo mchana wote. Pale tulipokadiria mpaka wa wilaya unapita, hayakusita.

Wario alitumwa akawatafute wa kwao. Simu hazikuwepo. Tulikaa tukisubiri, na Rebeka kila akisikia kengele ya ng'ombe anatoka nje.

Walikuja asubuhi moja, vumbi kwanza, kisha ng'ombe, wachache kuliko walioondoka. Guyo alikuwa amekonda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaenda moja kwa moja bwawani na ng'ombe.

Hawo alikuja nyumbani kwetu.

Salome alikuwa amekua. Anatembea, anaongea. Alipomwona yule mama mrefu mwenye vumbi, alikimbia akajificha nyuma ya leso ya mama yake. Hakumkumbuka. Rebeka akaanza kumvuta, "Njoo, huyu ni mama yako."

Hawo akamkataza kwa mkono. "Mwache."

Akaketi chini kwenye kivuli cha ukuta, akanyoosha miguu, akaanza kumsimulia Rebeka habari za safari, ng'ombe gani alikufa, nani alizaa. Abdi tayari alikuwa anafukuza kuku. Hawo hakumwita Salome, hakumtazama hata mara moja. Mtoto akachungulia. Akatoka. Akasogea akagusa shanga za mkono. Akakaa mapajani kama anayekaa mahali pasipo na mtu. Hawo aliendelea kusimulia, ila sauti aliiteremsha, na baada ya kitambo Salome akalala.

Guyo akarudi kutoka bwawani amelowa mpaka kifuani, uso wote unang'aa. Akamwambia mkewe kwa Kiorma aje aone, bwawa limejaa mpaka ukingoni, aje haraka.

Hawo akamjibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka Rebeka naye asikie. "Nenda wewe. Maji itangoja. Mtoto amelala."

Wakuu, nilichojifunza ni kifupi kuliko uzi wenyewe. Fedha za mradi wa mpakani zipo, lakini huanza kutoka pale watu wa pande mbili wanapokuwa na sababu ya kutaka kubaki majirani. Sababu hiyo hakuna shirika linaloitoa. Mapigano yaliyokuja kutokea huko kwetu kwenye delta ya Tana miaka ya baadaye wengine mnayajua, na sitayaleta hapa. Mimi nasema niliyoyaona kabla yake, ili mjue yaliwezekana.

Mwenye swali la kamati, akaunti au lango, aulize, nitajibu ninachokumbuka. Na kama kuna mtu hapa aliyewahi kuwa na jirani akahama kwa ajili ya maji, naomba atuandikie jina lake tu, tumkumbuke pamoja.